Lebo kwa Kila Jeraha: Tathmini ya Archive of Our Own kwa Msomaji wa Vijana Wenye Kiwewe

Ni tovuti chache ambazo mtu anaweza kuzitumia miaka nenda miaka rudi bila kuombwa anunue chochote, bila kuonyeshwa tangazo hata moja, na bila mashine kumchagulia cha kusoma. Archive of Our Own, hifadhi ya hadithi ambazo mashabiki hutunga kuhusu wahusika wa kazi za wengine, na ambayo watumiaji wake huiita AO3 kwa kifupi, ni mojawapo. Tathmini hii inaitazama kwa upande mmoja tu, nao ni huu: inamfaa vipi msomaji anayetaka kuelewa jinsi mashabiki wanavyowasoma wahusika vijana waliopatwa na kiwewe? Sitaipima kama ghala la hadithi za mapenzi, ingawa hizo zimejaa humo, wala kama uwanja wa mazoezi wa waandishi chipukizi. Nimeitumia kwa kusudi hili moja, mara nyingi usiku na kwenye simu, nikiwafuata vijana watatu au wanne wa kubuni ambao nimewafahamu kwa muda mrefu kuliko baadhi ya marafiki zangu, na nadhani nimekaa humo vya kutosha kuweza kusema inapofaulu na inapopwaya.

Hifadhi hii ilifunguliwa kwa umma Novemba 2009 na Organization for Transformative Works, shirika lisilotafuta faida ambalo mashabiki wenyewe walilianzisha mwaka 2007. Mpaka leo inaendeshwa na watu wa kujitolea na kugharimiwa kwa michango. Ina kazi zaidi ya milioni 10, na mwaka 2019 ilitunukiwa tuzo ya Hugo, heshima ambayo kwa kawaida huenda kwa waandishi na wahakiki wa fasihi ya sayansi na njozi. Katika historia yake yote, hata hivyo, tukio linaloihusu mada yangu zaidi lilitokea kabla haijazaliwa na mahali pengine kabisa. Mwishoni mwa Mei 2007, wakati wazo la mashabiki kuwa na hifadhi yao lilikuwa limeshaanza kujadiliwa, mtandao wa LiveJournal ulifunga kwa mkupuo shajara zipatazo 500 kwa sababu ya maneno ambayo wenyewe walikuwa wameyaorodhesha kama mambo wanayoyajadili. Miongoni mwa zilizofungwa zilikuwemo za mashabiki waandishi, na zilikuwemo pia za watu walionusurika ukatili wa kingono, waliokuwa wakikutana humo kusaidiana. Orodha ya maneno haikuweza kumtofautisha anayeusifia ukatili na aliyetendewa. Nimelitaja tukio hilo kwa sababu linaeleza kwa nini AO3 ina msimamo mkali kuhusu jambo moja: jeraha linaweza kuandikwa, ilimradi litajwe mlangoni.

Kutajwa huko kuna utaratibu. Mwandishi anapopandisha hadithi yake huulizwa inawafaa wasomaji wa umri gani, kisha hukabiliwa na tahadhari nne: vurugu zinazoelezwa waziwazi, kifo cha mhusika mkuu, ubakaji, na ngono inayowahusisha walio chini ya umri. Anaruhusiwa kukataa kusema kama zimo au hazimo, lakini kukataa kwenyewe huandikwa, na msomaji huingia akijua kwamba hakuahidiwa usalama. Baada ya hapo mwandishi huachiwa uwanja wa lebo za hiari aandike atakavyo, na humo ndimo mashabiki walimojijengea msamiati mzima wa maumivu. Zipo lebo za ndoto mbaya, za kuogopa kuguswa, za kujilaumu, za familia ya hiari isiyo ya damu. Ipo lebo maarufu ya maumivu na faraja, ambayo ni jina la utanzu mzima. Na ipo ile inayonifurahisha kuliko zote kwa uwazi wake, ambayo hubandikwa jina la kijana yeyote: fulani anahitaji kukumbatiwa. Watu wa kujitolea huzipitia lebo hizi na kuziunganisha zile zenye maana moja, ili aliyeandika kwa namna yake apatikane na anayetafuta kwa namna nyingine. Ni kazi ya subira ya ajabu, nami sijaona maktaba ya umma inayoifanya kwa uangalifu wa kiasi hicho.

Sifa kubwa ya huduma hii, kwa msomaji wa aina yangu, ni kwamba kila lebo ni hukumu. Anayeandika kwamba mhusika fulani anahitaji kukumbatiwa amekwisha kuchagua upande katika ubishi ambao pengine ni mkongwe kuliko yeye.

Mchukulie Shinji Ikari, mvulana wa miaka 14 katika Neon Genesis Evangelion, mfululizo wa katuni wa Kijapani ulioanza kurushwa Oktoba 1995. Baba yake, aliyemwacha mikononi mwa watu wengine tangu akiwa mdogo, anamwita ghafla. Mtoto anafika, na badala ya salamu anaonyeshwa dubwana la vita na kuambiwa apande au aende zake. Anakataa. Ndipo analetwa msichana wa rika lake, Rei, amelazwa kwenye machela huku mwili umefungwa bendeji, apande yeye badala yake. Jengo linatikisika, Rei anaanguka, Shinji anakimbia kumwinua, anaona damu kwenye kiganja chake mwenyewe, na anakubali. Kwa miaka mingi mzaha uliotamba miongoni mwa mashabiki ulikuwa amri fupi ya kumtaka aingie kwenye roboti, kana kwamba kasoro ya hadithi nzima ni uzembe wa mvulana mmoja. Wengi walioirudia amri hiyo hawakugundua kwamba walikuwa wamesimama pale juu aliposimama baba yake, wakimtazama mtoto kwa chini.

AO3 inakupa nafasi ya kuwaona mashabiki wengine wakishuka kutoka pale juu. Baada ya pambano lake la kwanza Shinji anazinduka hospitalini akitazama dari asiyoijua, na dari hiyo imekuwa kwa waandishi wa hadithi za mashabiki kitu kama shairi ambalo kila mtu hulitungia ubeti wake. Nimesoma hadithi nyingi zinazoanzia hapo. Nyingi humletea mtu wa kumshika mkono mara tu anapofumbua macho, na huishia hapo. Mojawapo ilinikalia moyoni kwa sababu haikumshika. Ndani yake Misato, mwanamke mwanajeshi anayeishi naye, anaingia chumbani usiku, anajilaza sakafuni kando ya godoro la kijana, anaitazama dari ileile, kisha anauliza lile doa karibu na taa limetokana na nini. Shinji, ambaye ni nadra kuulizwa swali lisilo na amri ndani yake, anakaa kimya karibu kurasa mbili kabla ya kujibu kwamba huenda ni maji. Hadithi inaishia kwenye maji hayo. Mwandishi alikuwa ameiwekea lebo mbili tu, na hakuna hata moja iliyotaja ugonjwa.

Kwa lugha yetu neno kiwewe lilikuwepo kabla halijawa istilahi ya wanasaikolojia. Ni ile hali ya mtu aliyeshtuka akaduwaa, akahangaika asijue afanye nini, mikono haina kazi na miguu haina njia. Nikimfikiria Shinji ndani ya treni, amevaa vipokea sauti, akirudia nyimbo zilezile huku vituo vikipita na yeye hashuki, naona kwamba neno hilo la zamani linamweleza sawasawa kuliko orodha yoyote ya dalili. Mashabiki wanaomwandika vizuri ni wale wanaoliheshimu duwazo lake. Wanaomwandika vibaya humharakisha apone.

Harry Potter anaonyesha jambo tofauti, na hapa huduma ya AO3 ina hazina ambayo wengi hawaijui. Kupitia mradi wake uitwao Open Doors, hifadhi hii huzipokea na kuzihamishia kwake hifadhi za zamani za mashabiki zilizo hatarini kupotea, ili kazi zilizoandikwa kabla ya 2009 zisife pamoja na mitambo iliyozibeba. Matokeo yake ni kwamba unaweza kuisoma hadithi ya mwaka 2003 ubavuni mwa hadithi ya mwaka jana, zote mbili zikimhusu kijana yuleyule, na ukaona kwa macho yako jinsi usomaji ulivyobadilika.

Mwaka 2003 ndio kilipotoka kitabu cha tano, ambamo Harry ana miaka 15 na anapiga kelele kwa herufi kubwa ukurasa baada ya ukurasa. Kiangazi kilichotangulia alikuwa ameshuhudia mwenzake akiuawa mbele yake makaburini; kabla ya hapo alikuwa amelelewa katika kabati la chini ya ngazi, na barua yake ya kwanza ya shule iliandikwa anwani ya kabati hilo, kwa maana nyingine kuna mahali iliposajiliwa kwamba mtoto analala kabatini na hakuna aliyekuja kuuliza. Wasomaji wengi wa wakati ule walimchoka. Nakiri nilikuwa mmoja wao: nilikuwa karibu na umri wake, na nilimwona kero. Katika hadithi za miaka ile hasira yake ni tabia mbaya ya kutaniwa na marafiki hadi ikome. Katika hadithi za miaka ya karibuni hasira ileile imekuwa dalili, na anayeulizwa maswali si Harry tena bali ni walimu wake. Mwalimu fulani anagundua kwamba kijana huficha mkate kwenye leso baada ya kila mlo. Mwingine anashangaa kwa nini hushtuka mlango unapofungwa kwa nje. Mkate wenyewe umerudiwarudiwa na mashabiki mpaka umechakaa, lakini ulipoanza ulikuwa usomaji makini, kwa sababu ulichukua maelezo ambayo kitabu kiliyapitia kwa kicheko na kuyauliza yalimfanya nini mtoto.

Nadhani kilichobadilika si maarifa ya saikolojia peke yake. Waliokuwa na miaka 15 mwaka 2003 sasa ni watu wazima, na wengine wana watoto. Msomaji kijana humuuliza mhusika kwa nini hafanyi jambo. Msomaji mtu mzima hutazama nyuma ya mhusika na kuuliza wakubwa walikuwa wapi. Mwishoni mwa kitabu hicho mwalimu mkuu anakiri mbele ya Harry kwamba alijua anamtupa katika miaka kumi ya giza na taabu alipomwacha kwenye kizingiti cha mama yake mkubwa, na Harry, aliyetoka kumpoteza baba yake wa ubatizo, anavunja vyombo vya fedha vilivyo ofisini. Wapo mashabiki ambao kutokana na ungamo hilo wamemfanya mzee huyo kuwa mhalifu mkuu wa hadithi nzima, na AO3 ina rundo la kazi za mkondo huo. Mimi naziona zinakosea kwa bidii nyingi mno. Kosa la mtu mwema aliyeona na akanyamaza linatisha kuliko njama za mwovu, na pia ni gumu zaidi kuliandika.

Sasa niingie kwa Zuko, ambaye kwa maoni yangu ndiye kipimo bora cha huduma hii, kwa sababu kazi ya asili ilikwisha kuwafanyia mashabiki sehemu kubwa ya kazi. Katika Avatar: The Last Airbender, katuni ya Kimarekani iliyorushwa kati ya 2005 na 2008, Zuko ni mwana wa mfalme mwenye kovu la moto kwenye jicho la kushoto. Alikuwa na miaka 13 alipoingia katika baraza la vita na kupinga mpango wa jemadari aliyetaka kuwatoa kafara askari wapya. Kwa kosa hilo la kusema, aliamriwa apigane. Alidhani atapigana na jemadari, akageuka na kumkuta baba yake. Alipiga magoti, akaomba msamaha, akakataa kupigana, na baba akamchoma uso na kumfukuza nchini. Ndugu wa baba yake, Iroh, aliyekuwepo uwanjani, aligeuza uso asione.

Mashabiki wamekaa juu ya uso huo uliogeuzwa kwa muda mrefu. Lebo zinazomhusu Zuko humsifu Iroh kwa wingi, kwa neno la Kiingereza ambalo kwa haraka tungelitafsiri kuwa mjomba, na hadithi nyingi zina mwendo uleule: Iroh, hatua kwa hatua, anakuwa baba ambaye kijana hakuwa naye. Kila nikizisoma nakumbuka kwamba kwa Kiswahili Iroh si mjomba hata kidogo. Ni kaka yake mkubwa baba yake Zuko, yaani ni baba yake mkubwa. Hana haja ya kuwa baba kwa hisani; ni baba tangu siku mtoto alipozaliwa, na ndiye aliyemruhusu aingie barazani siku ile. Ukimsoma kwa jina hilo, miaka mitatu aliyokaa melini na kijana aliyefungwa bendeji haiwi zawadi tena bali ni deni, na kule kugeuza uso kunakuwa kosa la mzazi. Ni waandishi wachache wa AO3 waliofika hapo kwa njia zao wenyewe, bila msaada wa jina, na hadithi zao ndizo ninazozihifadhi. Katika mojawapo Iroh anabadilisha bendeji ya kijana kila jioni na kila jioni anajikuta akiangalia ukuta. Anajilazimisha kutazama kidonda chenyewe kwa mara ya kwanza siku ya tisa, na Zuko, ambaye jicho lake moja limefunikwa, anatambua tofauti hiyo kwa vidole tu.

Kazi ya asili, kwa upande wake, ilimkumbatia Zuko bila kusubiri shabiki. Karibu na mwisho anarudi kwa Iroh aliyekuwa amemsaliti, anakaa hemani usiku kucha akingoja mzee aamke, anaanza kuomba radhi, na kabla hajamaliza mzee anamvuta kifuani. Onyesho hilo limekuwa kama kigezo ambacho mashabiki humpimia kila kijana mwingine aliyejeruhiwa, na hapa ndipo lawama yangu kubwa inapoanza. Lebo ya kukumbatiwa inapobandikwa kwa kila mmoja, vijana wenyewe wanaanza kufanana. Nimewahi kufanya jaribio la kizembe la kusoma kurasa za hadithi kadhaa huku nikijisahaulisha majina, na katika nyingi nisingeweza kusema kama huyu anayetetemeka, anayeomba radhi kila baada ya sentensi, na anayerudi nyuma akiinuliwa mkono, ni Shinji, ni Harry au ni Zuko. Ilhali watatu hawa hawafanani kabisa. Shinji hutii ili apendwe, Harry hufoka kwa sababu hakuna anayemweleza kitu, na Zuko hushambulia kwa sababu ameamini kwamba kovu lake ni aibu aliyoistahili.

Sehemu ya ufanano huo inatokana na msamiati wa kitabibu. Utambuzi wa msongo wa baada ya kiwewe uliingia rasmi katika mwongozo wa wataalamu wa akili wa Marekani mwaka 1980, na toleo la mwaka 2013 linazipanga dalili katika makundi manne: tukio linalorudi bila kuitwa, kukwepa kila kinacholikumbusha, fikra na hisia zinazogeuka kuwa za giza, na mwili ambao haupumziki kukesha. Mashabiki wanalifahamu hilo vizuri, wengine kwa kusoma na wengine kwa kuishi nalo, na sitamkejeli mtu anayeiandika ndoto yake mbaya kwa kuivisha jina la Harry. Hadithi za namna hiyo hutambulika haraka. Zina jambo moja la ajabu, kama vile mhusika kuhesabu vigae, ambalo haliko katika orodha yoyote. Zinazonichosha ni zile ambazo mwandishi ameishika orodha mkononi na kumkagua kijana kipengele kwa kipengele, zikafika mwisho zikiwa na cheti cha ugonjwa lakini hazina mtu.

Je, AO3 inalaumika kwa hilo? Kwa kiasi kidogo. Mfumo wa lebo humtaka mwandishi atangaze jeraha kabla ya kulisimulia, na anayetangaza sana huhisi amekwisha kusimulia. Kuna pia suala la kupanga matokeo: unaweza kuyapanga kwa tarehe, kwa urefu, au kwa idadi ya pongezi ambazo wasomaji wametoa kwa kubofya, na ukichagua pongezi utaletewa zaidi zile zilizokaa muda mrefu na kupendwa na wengi, ambazo katika eneo hili huwa ni za faraja ya haraka. Hadithi ya dari na ya bendeji sikuzipata kwa njia hiyo. Nilizipata kwa kupanga kwa tarehe, kuchagua kazi zilizokamilika tu, na kuondoa hadithi za mapenzi kwa kichujio. Kichujio hicho cha kuondoa ndicho chombo bora kuliko vyote katika tovuti hii. Nasema hivyo pia kwa sababu ya tahadhari ile ya nne. Hifadhi inakubali kuwekwa kwa hadithi zinazoitwa hivyo maadamu zimetangazwa, kwa hoja kwamba ni maandishi ya kubuni, na wengi hawaridhiki na hoja hiyo, nami ni mmoja wao tunapowazungumzia wahusika ambao maumivu yao ndiyo hadithi yenyewe. Huziondoa kabla sijaanza kutafuta, na nashauri kila msomaji afanye vivyo hivyo. Ni kubofya mara moja.

Mengine ni mepesi. Kusoma hakuhitaji akaunti kwa kazi nyingi, na anayetaka akaunti hujiandikisha katika foleni ya kungoja mwaliko. Hadithi yoyote hupakuliwa kwa EPUB, PDF na miundo mingine, jambo la baraka kwa anayesoma mahali pasipo na mtandao. Menyu na vitufe ni vya Kiingereza, na lebo nyingi pia, kwa hiyo tafsiri nilizotumia hapa ni zangu.

Nimemwacha Azula makusudi, kwa kuwa ndiye anayeonyesha huruma ya mashabiki inaishia wapi. Ni dada yake Zuko, ana miaka 14, amelelewa na baba yuleyule. Siku kaka yake alipochomwa alikuwa uwanjani akitabasamu. Tabasamu hilo halijasamehewa. Kijana wa kiume mwenye hasira hupewa muda na baba mkubwa. Msichana mwenye hasira, hasa akiwa mkatili na mwenye akili, hupewa jina la kichaa. Ukilinganisha lebo anazobandikwa na zile za kaka yake utaona kwamba za Zuko hutaja alichotendewa, na za kwake hutaja alivyo. Asuka, mwenzake Shinji, ambaye mama yake alirukwa na akili akamwona mwanasesere kuwa ndiye binti yake, amefanyiwa vivyo hivyo kwa miaka mingi: watu walikumbuka ukali wa maneno yake, wakamsahau mwanasesere.

Siku ya kutawazwa Azula anajikata nywele zake mwenyewe kwa mkasi, anamwona mama yake ndani ya kioo, na anakivunja kioo kwa brashi ya nywele. Saa chache baadaye amefungwa minyororo, anatema moto wa buluu huku analia, na kaka yake na Katara, msichana aliyepigana upande wa Zuko, wamesimama wanamtazama bila neno. Onyesho linakatika hapo. Waandishi wa AO3 walio wajasiri huanzia katika kimya hicho, na wengi wao humpeleka Zuko akamkumbatie, kana kwamba mkumbatio ni dawa inayohamishika kutoka kwa ndugu mmoja kwenda kwa mwingine.

Ile ninayoirudia haina lebo ya faraja. Azula yuko katika chumba kisicho na kioo, nywele zimebaki pandepande kama alivyozikata. Kila asubuhi mhudumu analeta kitana cha mti, anakiweka mezani, anaketi. Azula anakisukuma kwa kidole kimoja hadi ukingoni, kinaanguka, mhudumu anakiokota na kukirudisha palepale bila kusema kitu. Hivyo ndivyo inavyokwenda kwa sura tano. Katika sura ya sita kitana kinabaki mezani hadi jioni, na nywele bado hazijachanwa.